Sukari nimeifungia kabatini, mama mkwe hanisemeshi

(Barua imefupishwa kidogo, na yanayoweza kumtambulisha mwandishi yameondolewa.)

Shikamoo Anti,

Nina miaka 31, naishi Kimara na mume wangu na watoto wetu wawili. Mkubwa ana miaka minne na nusu, yuko chekechea. Mdogo ana mwaka na miezi saba, wa kiume, mtundu kupita maelezo. Mimi ni keshia kwenye duka la jumla Kariakoo. Natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri niwahi mwendokasi kabla halijajaa, narudi saa mbili usiku, na mwisho wa mwezi tukifunga mahesabu hata saa tatu. Mume wangu ni fundi umeme wa kujitegemea. Kuna wiki anapata kazi kila siku, kuna wiki anashinda kijiweni. Kodi ya nyumba na ada ya chekechea vinatoka kwenye mshahara wangu.

Mama mkwe alikuja kutoka Muheza kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Jicho moja limeshafanywa, la pili anasubiri tarehe. Tuna dada wa kazi pia, binti wa miaka 16 kutoka Singida, tulimpata kupitia kwa jirani. Mchapakazi, hana maneno.

Shida ilianzia kwenye chakula. Mimi nafuatilia sana mambo ya lishe. Watoto nawanunulia mtindi wa kopo wenye matunda, juisi ya boksi badala ya soda, na ule unga wa lishe wa mchanganyiko wa nafaka kumi na mbili, una karanga na soya humo humo. Nachukua mfuko mkubwa kwa mpigo ili nipate nafuu ya bei. Nikamwandikia dada ratiba ya wiki nzima, nikaibandika kwenye friji.

Mama haifuati. Asubuhi ni chai ya rangi, sukari imejaa mpaka kikombe kinanata, na maandazi. Mchana wakisumbua, pipi. Jioni anafungua soda anawagawia, mpaka mdogo. Nikisema, ananijibu, "Watoto wamekonda, unawalisha makopo." Siku nyingine aliniambia mbele ya jirani kwamba yeye amelea saba, na hakuna hata mmoja aliyelelewa na karatasi ya kwenye friji.

Nikaona dawa ni kuifungia sukari. Nimeiweka kabatini chumbani kwetu, ufunguo natembea nao. Tangu siku hiyo mama hanisemeshi. Nikimwamkia, anauitikia ukuta.

Sasa Anti, kilichotokea ni hiki. Jumamosi moja saa kumi jioni, mimi niko kazini, mama alikuwa uwani anachemsha maharage kwenye jiko la mkaa. Gesi tunayo, ila yeye anasema maharage ya gesi hayana ladha, na mtungi wenyewe anauogopa. Mkaa anauwasha kwa mafuta ya taa, na hayo mafuta yalikuwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, imewekwa chini karibu na jiko. Akamtuma dada kwa Mangi akalete sukari ya kupima. Mdogo akaiona chupa. Mama anasema alisikia tu mtoto anapaliwa, kugeuka, chupa iko mdomoni. Akamtia kidole kooni atapike. Jirani akaja na maziwa, wakamnywesha. Mume wangu akapigiwa simu, wakampakia kwenye bodaboda hadi hospitali. Mimi nimewakuta huko. Daktari aliwagombeza sana kwa kumtapisha. Akalazwa usiku ule wakiangalia kifua, kesho yake tukaruhusiwa. Sasa anacheza, anakula, ila usiku bado anakohoakohoa.

Toka hapo nyumba haina amani. Mume wangu anasema dada arudishwe kwao, ni mzembe. Mama mkwe anasema mama wa kweli hawaachii watoto wake wafanyakazi, niache kazi. Mimi naona mama arudi Muheza, watoto wangu wawe salama na wale ninachotaka wale. Nikimwambia mume wangu ananyamaza, au anasema, "Yule ni mama yangu, na jicho halijapona."

Anti, nani aondoke? Nisaidie kabla sijaropoka neno lisilorudi.

Mama wa wawili, Kimara

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Nianze na hicho kikohozi, maana hakitaki kusubiri mengine. Ubaya mkubwa wa mafuta ya taa hauko tumboni, uko kwenye mapafu. Mrudishe mtoto hospitali kesho asubuhi, ueleze kwamba alikunywa mafuta ya taa na kwamba bado anakohoa. Akipata homa, akianza kuhema haraka, mbavu zikawa zinaingia ndani anapovuta pumzi, au akilegea na kusinzia isivyo kawaida, usingoje asubuhi. Huenda ni mafua tu. Acha daktari ndiye aseme hivyo.

Sasa tuje nyumbani. Nimeisoma barua yako mara mbili. Mumeo anataka dada aondoke, mama mkwe anataka wewe uondoke kazini, wewe unataka mama mkwe aondoke. Hakuna hata mmoja wenu aliyesema chupa iondoke.

Hebu turudi kwenye ile saa kumi jioni. Mumeo anamwita binti mzembe, lakini kwa maelezo yako mwenyewe binti hakuwepo. Alikuwa dukani, katumwa na mkubwa wake, na katika nyumba nyingi za kwetu mtoto wa kazi akitumwa na bibi wa nyumba hana ubavu wa kusema "ngoja kwanza nimbebe mdogo". Aliyebaki na mtoto ni mama mtu mzima, jicho moja limetoka kufanyiwa upasuaji, la pili lina ukungu, mbele yake sufuria la moto. Na sukari iliyomtoa binti nyumbani ilikuwepo humo humo ndani, nyuma ya kufuli. Usinielewe vibaya, sisemi kufuli ndilo lililomnywesha mtoto mafuta. Ile chupa ilikuwa inakaa pale kila siku, na mtoto wa umri ule kila chupa ya maji kwake ni maji. Nakuuliza tu: kufuli limepunguza sukari wanayokula watoto, au limeihamishia kwa Mangi?

Na huyo binti. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mwenye miaka 16 ni mtoto. Sheria inamruhusu kufanya kazi nyepesi kuanzia miaka 14, lakini utu uzima unaanzia 18. Wewe unatoka kabla ya alfajiri na kurudi saa mbili. Saa zote hizo yeye anapika, anafua, anambeba mdogo, anampokea mkubwa kutoka chekechea, na anatii mabosi wawili wasiosemeshana. Unaposema unataka watoto wa nyumba yako wawe salama, naomba uwahesabu watatu.

Kuhusu daktari kuwagombeza. Mama mkwe alifanya ambalo wengi wangefanya, na jirani vilevile. Maziwa kwa sumu ni imani ya mtaa mzima. Lakini mafuta ya taa ni mepesi mno, yanateleza. Mtoto akitapishwa, yanapita kooni mara ya pili, na safari hiyo ni rahisi zaidi kuingia kwenye njia ya hewa. Maziwa nayo yanajaza tumbo na kumpa sababu ya kutapika. Kinachotakiwa ni kumvua nguo zilizolowa mafuta, kumfuta mdomo na ngozi, na kumkimbiza hospitali mkiwa na chupa yenyewe mkononi. Mweleze mama hayo kwa upole, siku mtakapokuwa mnaongea. Nina hakika hakuna aliyelia usiku ule kuliko yeye, hata kama hakulia mbele yako.

Mafuta ya taa yenyewe mnayahitaji kweli? Mkaa unawaka kwa vijiti vikavu au vifuu vya nazi, na Dar vifuu havikosekani. Kama lazima yawepo, yakae kwenye dumu lenye mfuniko wa kukaza, juu kabisa, mahali penye kufuli. (Hapo kufuli lako lingefanya kazi nzuri.) Chupa ya maji au ya soda isiwekwe kitu kingine chochote, iwe mafuta, dawa ya kuulia wadudu au jiki.

Ukiwa umeshaanza kukagua, kagua kwa kuchuchumaa, macho yawe kwenye kimo cha mdogo. Utaona vitu ambavyo ukisimama huvioni. Mimi ningeanzia chumbani kwa bibi. Ana matone ya macho, na kama wazee wengi huenda ana vidonge vya presha au vya kisukari, viko kwenye mkoba, mkoba uko kitandani. Vidonge vichache vya aina hiyo vinaweza kumuua mtoto wa mwaka na nusu. Kisha bafuni: ndoo ya maji iliyoachwa wazi, hata kama maji ni ya kina cha sentimita chache, inatosha kumzamisha mtoto aliyetumbukia kichwa chini, na hatapiga kelele. Karanga nzima na pipi ngumu mdogo asipewe, zinaziba koo. Jiko la mkaa likae uwani hadi life. Likiingizwa ndani msimu wa mvua na milango kufungwa, linatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, na inaua watu wamelala. Mtungi wa gesi fungeni kwenye koki yake kila mkimaliza kupika, maana vidole vya mtoto havikawii kuzungusha swichi za jiko. Na siku mtu akiungua, ni maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno iacheni msalani.

Sasa chakula, na hapa naomba univumilie, kwa sababu kuna mahali sikubaliani na wewe na kuna mahali sikubaliani na mama.

Kwenye sukari uko sahihi. Shirika la Afya Duniani tangu 2015 linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwa chini ya 5 ni bora zaidi. Kwa mtoto wa umri wa mkubwa wako, hiyo asilimia 10 ni kama gramu 30 hivi. Soda ya mililita 350 peke yake ina takribani gramu 37. Mdogo ndiyo kabisa, soda hana shughuli nayo. Ila juisi yako ya boksi, hata ile iliyoandikwa ni matunda matupu, haiko mbali na soda kwa sukari, na shirika hilo hilo linaihesabu kwenye kundi moja. Mtindi wa kopo wenye matunda, geuza kopo usome nyuma. Mama mkwe anaposema unawalisha makopo, maneno yake yanauma, lakini hayakosi ukweli wote.

Huo unga wa lishe nao unanitia wasiwasi. Nafaka kumi na mbili hazimpi mtoto lishe mara kumi na mbili. Nyingi ni wanga ule ule. Karanga na mahindi yakihifadhiwa vibaya yanaota kuvu wanaotoa sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kuchemsha uji. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu. Wewe unanunua unga uliokwishachanganywa na karanga, mfuko mkubwa, unaukalisha wiki nyingi kwenye joto na unyevu wa Dar. Nunua kidogo kidogo. Uji wa nafaka moja au mbili unatosha. Karanga zichambuliwe, zitupwe zilizosinyaa au kubadilika rangi, zisagwe za siku chache. Au tia maziwa, au yai.

Na kuhusu kukonda. Bibi anasema wamekonda, wewe unasema hawajakonda, na kadi ya kliniki iko kwenye droo. Mara ya mwisho walipimwa lini? Si uzito tu, urefu pia. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na mashavu mazuri tu. Chukua ruhusa asubuhi moja, mwende kliniki wote, na bibi awepo. Nesi akisoma mstari kwenye kadi, hamtakuwa tena mnabishana ninyi wawili.

Mama mkwe katoka Muheza. Kwenye machungwa, mafenesi, kisamvu, ndizi. Amelea saba. Unadhani hajui kupika mboga? Mimi nashuku anagawa pipi kwa sababu ndicho kitu pekee alichobaki nacho cha kuwapa wajukuu katika nyumba ambayo chakula kimeandikwa kwenye karatasi, na karatasi yenyewe hawezi kuisoma kwa macho yale. Naweza kuwa nimekosea, wewe ndiye unayeishi naye. Lakini jaribu kumuuliza Muheza walikuwa wanawapa nini watoto wanaoanza kutembea. Mdogo, kama bado ananyonya (hukusema, na inashauriwa hadi miaka miwili na zaidi), akipata wali, maharage, dagaa waliosagwa na matembele, amefikisha makundi matano kati ya manane yanayopimwa kwa watoto wa umri wake. Chakula hicho ni rahisi kuliko mitindi yako, na yeye anakipika vizuri kuliko mimi na wewe. Omba jambo moja au mawili tu, usilete orodha: soda isiingie nyumbani siku za kazi, na chai isiandamane na chakula, kwa sababu chai ya rangi inazuia mwili kuchukua madini ya chuma. Chungwa baada ya mboga linasaidia madini hayo kuingia. Hilo mtu wa Muheza atalipenda.

Sasa swali lako, nani aondoke.

Dada akiondoka, mtampata mwingine, huenda mdogo zaidi, ambaye mdogo wako hamjui, atakayekuta mabosi wale wale. Kama mtaamua aende, iwe kwa heshima: mshahara wake wote, nauli, na wazazi wajue anafika lini. Asipandishwe basi kama mzigo.

Wewe ukiacha kazi, watoto watakuwa na mama yao mchana kutwa, na hilo lina thamani yake, silidharau. Lakini kodi na ada vinatoka kwako, na mumeo kuna wiki hana kazi. Watoto wasio na kodi wanahamia chumba kimoja, jiko na kitanda pamoja. Kuna cha katikati hujakitaja: kuomba zamu fupi, au hata kubadilisha kazi uwe karibu na nyumbani. Inawezekana mwajiri akakataa. Hujauliza bado.

Mama akirudi Muheza, utapumua, sikatai. Lakini jicho la pili bado. Na mumeo akilazimishwa kuchagua kati ya mkewe na mama mgonjwa, hata akikuchagua wewe, hatakuchagua kwa moyo. Kama itafikia hapo, aseme yeye, kwa mama yake, baada ya jicho kupona, na ionekane ni safari ya kawaida ya kurudi nyumbani. Asifukuzwe kwa chupa ambayo kila mtu aliiona.

Lipo pia la kituo cha kulelea watoto mchana, hata kama ni siku tatu kwa wiki kwa huyo mdogo. Ulizia kilichosajiliwa, ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa inavijua. Nenda bila kuaga, saa ya chakula, uone wanakula nini na wangapi wanaangaliwa na nani. Ni gharama nyingine, najua. Ila mama atapika maharage yake bila mtoto miguuni, na binti atapata saa mbili za kukaa.

Na mumeo, wiki zile za kijiweni, yuko wapi saa kumi jioni? Nauliza tu. Barua nzima imejaa wanawake wanaogombania nani aangalie watoto wake.

Zungumza naye kwanza, kabla ya mama, siku asiyo na kazi ya kukimbilia. Usianze na nani aende. Anza na mafuta ya taa na vile vidonge, hapo hamtagombana. Mengine yafuate taratibu, na kama kuna shangazi au dada mkubwa wa upande wake anayesikilizwa, mwombe akae na mama yeye badala yako. Barua hii ukiona itasaidia, mpe mumeo aisome. Ukiona itawasha moto, basi ikae kwako.

Na ukitoka hospitali na mtoto, nijulishe daktari amesema nini.

Anti